SOMO: Stoo kuwa maktaba, nyumba za mawe Bagamoyo

Wakuu, kila masika ujumbe ni ule ule: "Vitabu vyangu vimeota ukungu, nifanyeje?" Naandika leo, atakayeuliza tena namrudisha hapa. Nazungumzia nyumba za Mji Mkongwe, za matumbawe na chokaa. Ya bloku ruka hatua ya 3.

1. Toa vitu vyote. Na lile godoro pia.

2. Ziba paa kwanza.

3. Kuta. Hapa soma polepole. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi, na chokaa huyaacha yatoke. Ukiupiga lipu ya sementi, maji yanakosa njia. Yanazidi kupanda, chumvi inaganda nyuma ya lipu, na siku moja inabambuka kipande kizima. Mimi nilimsikiliza fundi aliyesema sementi ndiyo imara. Nikalipa kuipiga, nikalipa tena kuibandua. Bandua kwa tindo ndogo na nyundo nyepesi, kwani matumbawe humeguka. Acha ukuta ukauke msimu wote wa kaskazi. Kisha chokaa kipimo kimoja, mchanga vitatu. ONYO: mchanga wa mtoni! Wa pwani una chumvi ile ile unayoikimbia. Rangi ya mafuta usiiguse, paka chokaa. Ukiona unga mweupe ukutani, gusa uonje. Ukiwa wa chumvi, fagia kwa brashi kavu; ukiosha unaurudisha ndani.

4. Dirisha: wavu na pazia zito. Fungua saa nne asubuhi hadi alasiri, usiku funga. Hewa ya bahari usiku ni mbichi.

5. Shelfu: mninga au mtiki wa inchi moja, nguzo kila futi mbili na nusu. Mita moja ya vitabu hufika kilo 25 na zaidi, ubao mrefu utabonyea. Acha inchi mbili kutoka ukutani, nusu futi kutoka sakafuni, ili njia ya mchwa uione mapema.

6. Panga vitabu, usivishindilie.

MASWALI

Mlamba Asali: Nimeshapiga sementi. Nikipaka rangi ya kuzuia maji juu yake si inatosha?
— Hatua ya 3.

Mlamba Asali: Ndefu mno mkuu, nifupishie.
— Hutaki kusoma aya moja, maktaba ya nini?

Binti Dunda: Shikamoo kaka. Chumba changu kiko ghorofani, sakafu ya boriti. Itahimili?
— Marahaba dada, umeuliza la maana. Shelfu ikae pale ncha za boriti zinapoingia ukutani, ivuke boriti nyingi kadiri inavyowezekana. Katikati ya chumba weka kiti na meza tu. Kabla ya yote, gonga kila boriti karibu na ukuta: ikilia kama debe tupu, mwite fundi. Ncha ndizo huoza kwanza.

Fundi Kombo: Sementi na chokaa nusu kwa nusu tumezoea, haina shida.
— Fundi, ukuta wa nani umeukagua baada ya masika tatu?

Msomaji wa Kaole: Kibali kinahitajika?
— Kabla ya kugusa kuta waone Idara ya Mambo ya Kale. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, jengo la kabla ya 1863 ni kumbukumbu inayolindwa, na Mji Mkongwe una utaratibu wake.

Binti Dunda: Na wadudu? Bibi alikuwa akiweka majani ya mwarobaini.
— Weka, ila yawe makavu kabisa. Naftalini siitaki chumba cha kukaa. Kitabu chenye wadudu kifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kitie friza wiki mbili, kisha kikae siku nzima nje ya friza kabla hujafungua, kisije kikatoa jasho.

Msomaji wa Kaole: Kuna jamaa anauza mbao za jahazi bovu, bei poa. Zinafaa shelfu?
— Zimeloa chumvi miaka yote, na chumvi huvuta unyevu. Nunua utengeneze benchi la barazani.