Kupanga mstari wa besi wa noti nane kwa sikwensa ya Moog 960

Sikwensa ya Moog 960, yaani moduli (kipande kimoja cha sinthesaiza) inayopitia hatua nane moja baada ya nyingine, ambayo kampuni ya Robert Moog ya Trumansburg, New York, ilianza kuitengeneza katika miaka ya 1960, haina kumbukumbu ya noti. Kila hatua yake hutoa volti uliyoipima kwa kitufe cha kuzungusha, kisha osileta, moduli inayozalisha sauti, huigeuza volti hiyo kuwa sauti. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni ya sikio.

Hatua ya 1. Washa mashine na uiache ipate joto kwa nusu saa au zaidi. Osileta za zamani huhama sauti joto linapobadilika, na ukiharakisha utalazimika kuirudia kazi yote.

Hatua ya 2. Vuta waya kutoka safu A (mojawapo ya safu za vitufe vya kuzungusha, kitufe kimoja kwa kila hatua) hadi kwenye osileta. Mapigo ya kuanzisha noti yapitishe kwanza kwenye moduli ya 961, kwa kuwa 960 hutoa mapigo ya volti, ilhali moduli ya 911, inayoongoza kupanda na kushuka kwa kila noti, husubiri tundu lake liunganishwe na ethi (ardhi ya umeme).

Hatua ya 3. Weka swichi ya safu A kwenye X1. Hapo kitufe cha kuzungusha hufikia volti 2, yaani oktava 2, kwa kuwa volti 1 ni oktava 1. Kwenye X4 mzunguko uleule hubeba oktava 8, na nusu toni huwa ndogo mno kwa vidole vya mtu yeyote.

Hatua ya 4. Simamisha saa ya sikwensa (inayoisukuma kutoka hatua hadi hatua), bonyeza kitufe cha hatua ya kwanza, kisha zungusha kile cha safu A polepole huku ukilinganisha na noti ya piano, hadi mtetemo unaosikika kati ya sauti hizo mbili utulie kabisa. Fanya hivyo kwa hatua zote nane, halafu rudi kwenye ya kwanza uihakiki, maana mara nyingi huwa imekwisha kusogea. Mimi huzunguka mara tatu kabla ya kuridhika.

Hatua ya 5. Unganisha safu B na kichujio cha 904A, ili kila noti ipate mng'ao wake.

Hatua ya 6. Washa saa. Mstari ukizoeleka, iweke hatua ya nane kwenye nafasi ya kurukwa: mzunguko utakuwa wa noti saba, na mkazo utahama kila unapojirudia juu ya ngoma ya mapigo manne. Rekodi papo hapo, kabla sauti hazijahama.