Jirani Zako Houston Wanasema Kihispania: Anzia Buchani

Ukihamia Houston, Texas, ukapata nyumba upande wa kusini-magharibi, Gulfton au Sharpstown, jirani mnayegawana ukuta huenda ametoka Honduras, El Salvador au Meksiko. Watoto wenu watapanda basi moja la shule, na Jumamosi mtagombea mashine zilezile za kufulia. Kila Septemba, mabango ya Mwezi wa Urithi wa hao wasemao Kihispania yanapoanza kubandikwa, wageni wetu kutoka Afrika huniuliza: nasi tushiriki vipi? Huwa nawajibu kwamba tamasha litakuja, kwanza nenda bucha.

Bucha kwao ni carnicería. Hapo ndipo penye mbuzi, chivo, na utumbo, na makongoro ya supu. Tafuta ile ndogo ambayo mwenyewe ndiye anayekata nyama. Fiesta Mart, kampuni ya maduka makubwa ya vyakula iliyoanzia hapahapa Houston mwaka 1972, sasa ina maduka mengi na haitatikisika usipokwenda. Mbuzi wa sherehe muagize mapema kwa mtu huyohuyo, mwaka hadi mwaka, mpaka akujue kwa jina. Muhogo utaulizia yuca, na ndizi za kupika ni plátano macho. Hayo macho si ya kuonea, maana yake ni dume.

Ukiingia dukani au kwenye chumba cha kufulia, sema "buenas" kwa wote waliomo. Kuingia kimya ni utovu wa adabu kwao kama ulivyo kwetu. Ukiwapita watu wanakula, waambie "provecho". Kwetu anayekula ndiye anayesema karibu. Kwao anayepita ndiye anayewatakia wenzake mlo mwema. Mama mtu mzima ni doña fulani, na umwambie usted, "wewe" ya heshima, si tú, ile ya rika, mpaka akuruhusu mwenyewe. Lugha isikutishe. Meza wanaiita mesa, bendera ni bandera. Sisi tuliyapata kwa Wareno, ndugu wa lugha yao. Sukari ni azúcar na zafarani ni azafrán, maana Waarabu walipita kwao pia.

Sasa jina la kuwaita. Usiseme Wahispania, hao ni watu wa Hispania ng'ambo ya bahari. Walatino linatosha, na bora zaidi ni kutaja nchi ya mtu. Mtu wa Honduras akiitwa Mmeksiko huudhika kama Mkongo anayeitwa Mnaijeria. Wapuerto Rico ni raia wa Marekani tangu 1917, kwa hiyo kuwauliza wamepataje viza ni kujiaibisha. Na mambo ya makaratasi usimuulize yeyote. Unajua mwenyewe swali hilo linavyouma.

Mwezi wenyewe unaanza katikati, Septemba 15 hadi Oktoba 15. Ulikuwa wiki tu mwaka 1968, enzi za Rais Lyndon Johnson, ukawa mwezi 1988. Sababu ya tarehe hiyo ni kwamba Septemba 15, 1821 ndipo Guatemala, Honduras, El Salvador, Nikaragua na Kosta Rika zilipotangaza uhuru. Wameksiko wana Septemba 16, ila shamrashamra zao huanza usiku wa kuamkia siku hiyo. Basi jirani wa Honduras mpe hongera tarehe 15, usingoje Mei 5 umpongeze kwa sikukuu isiyo yake. Mei 5 ni kumbukumbu ya Wameksiko kuwashinda Wafaransa huko Puebla mwaka 1862, wala si uhuru wa nchi yoyote.

Ila ujirani wenyewe uko kwenye tanda, yaani upatu wa Wameksiko. Watu kumi wanachanga kiasi kilekile kila wiki, kila wiki mmoja anabeba chungu kizima. Mtanzania ataita mchezo, Mkenya chama, Mkongo likelemba. Waguatemala huita cuchubal. Mgeni mara nyingi hupewa namba ya mwisho, kwa kuwa hajajulikana. Usinung'unike, hata kwetu ni hivyo. Anza na kiasi ambacho hata kikipotea hutalala njaa, na usichelewe hata siku moja, kwa sababu ukikosea wewe, anayefuata kutoka kwetu hatapokewa.

Halafu kuna quinceañera, sherehe ya binti anapofikisha miaka 15. Gharama hugawanywa kwa padrinos, yaani wadhamini wa sherehe: mmoja keki, mwingine gauni, mwingine muziki. Ni kamati ya harusi tupu. Ukiombwa kuwa padrino, uliza kwanza ni wa kitu gani na bei yake, kisha ujue kwamba ukikubali huishii kwenye mchango. Baba wa binti ataanza kukuita compadre, na hapo mmekuwa ndugu. Atakuja msibani kwako.

Watoto wapeleke Second Ward, mtaa wa zamani wa Wameksiko mashariki ya katikati ya jiji. Barabara ya Canal kuna mchoro mkubwa wa ukutani wa Leo Tanguma, wa 1973, uliofanyiwa ukarabati 2018. Mtaa huohuo kuna kanisa la Mama Yetu wa Guadalupe, parokia ya tangu 1912, na Wakatoliki wenzangu wasikose sikukuu yake Desemba 12. Novemba 1 na 2, ukiona madhabahu ya marehemu yenye picha, mishumaa na chakula, usipige picha kabla ya kuomba ruhusa. Wamewawekea wazazi wao.

Desemba 16 hadi 24 wapo wanaofanya posadas: kundi linazunguka likiimba kuomba malazi kama Yosefu na Maria, linakataliwa mlangoni, mwisho linafunguliwa. Mwezi Novemba mwambie jirani kwamba mwaka huu na mlango wako uwemo. Andaa chai ya maziwa ya kutosha na chapati. Wataziita tortilla de harina, mkate wao bapa wa unga wa ngano. Waache waite.