Kabla Hujajisajili Udaktari wa Tiba ya Wanamichezo: Maneno kwa Wenzangu wa Mombasa

Viwanjani kwetu, yeyote anayebeba begi la bandeji na dawa ya kupuliza ni daktari. Mchezaji akianguka, jukwaa zima linaita "Daktari! Daktari!" nami nakimbia, ingawa nilichosomea ni fiziotherapia na sijawahi kumwandikia mtu dawa. Kwa hivyo juzi kijana mmoja fizio wa timu ya mtaani alipoketi karibu nami barazani na kusema, "Kaka, nataka nikachukue shahada ya udaktari ya tiba ya wanamichezo huko Marekani, nije niwe kiongozi," nilimwagizia kahawa kwanza. Jambo hili lina milango mingi, na si yote inayofunguka ukigonga kutoka huku.

Anza kwa kujua unaomba kitu gani. Hii taaluma ya tiba ya wanamichezo, kwa namna wanavyoifanya Marekani chini ya jina "athletic training", si ukocha wala si ualimu wa jimu. Ni kazi ya afya: kuzuia majeraha, kuyatambua, kutoa huduma ya dharura uwanjani, na kumrudisha mchezaji kazini hatua kwa hatua. Chama chao, NATA, kilianzishwa 1950, na chama cha madaktari cha nchi hiyo kikaitambua kazi hii kuwa taaluma ya afya mwaka 1990. Zamani mtu aliingia kwa shahada ya kwanza. Sasa njia ya kuingilia ni uzamili, na programu za shahada ya kwanza zilikoma kupokea wanafunzi wapya mwaka 2022. Shahada ya udaktari inayoitwa DAT (Doctor of Athletic Training) inakuja juu ya hapo, kwa mtu ambaye tayari anafanya kazi hiyo.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Fizio wa Kenya, hata awe na miaka kumi ya uzoefu, hapandi moja kwa moja kwenye DAT kama anayepanda matatu. Vyuo vingi huanza kukuuliza cheti cha bodi yao inayothibitisha wataalamu, BOC, na cheti hicho hukipati kwa uzoefu. Unafanya mtihani baada ya kumaliza programu iliyoidhinishwa na CAATE, chombo kinachokagua programu hizo. Vipo vyuo vinavyokubali wataalamu wa nchi nyingine wenye sifa zinazolingana, lakini hilo huamuliwa mtu kwa mtu. Basi kabla ya kulipa hata ada ya maombi, andika barua pepe fupi: mimi ni fizio niliyesajiliwa Kenya, je, naweza kuomba, na je, programu yenu imeidhinishwa na CAATE? Jibu likija kwa maneno ya kuzungukazunguka, hesabu kwamba ni la.

Halafu kuna suala la udaktari upi. DAT ni wa utendaji: unachukua tatizo la pale unapofanyia kazi, unalichunguza, unabadilisha utaratibu, unapima matokeo. Uzamivu wa kawaida, PhD, ni wa kuzalisha utafiti, na ndio utakaokufaa zaidi ukitaka kuwa mhadhiri katika vyuo vyetu. Kwa mtu wa huku Pwani mwenye ndoto ya kufundisha, mimi ningemwelekeza kwanza Chuo Kikuu cha Kenyatta, chenye idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, kabla hajaanza kutazama ramani ya Marekani. Najua jibu hili haliwafurahishi vijana.

Lakini neno lililonikaa zaidi katika maneno ya yule kijana ni "kiongozi". Nilimuuliza: kiongozi wa nini? Akasema timu ya taifa, shirikisho, hospitali. Sawa. Sasa nikwambie uongozi wa tiba ya wanamichezo unavyoonekana ukiutazama kwa karibu, hapa hapa Mombasa.

Tarehe 24 Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilikimbiwa kwenye uwanja wa gofu, kando ya bahari. Joto na unyevu viliwaangusha watu wazima wenye mapafu ya chuma. Kenenisa Bekele, aliyekuwa ametwaa ubingwa miaka mitano mfululizo, aliacha njiani, na dhahabu ikaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Hewa yetu imeshiba maji, kwa hivyo jasho linatiririka tu badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Joto la ndani likipita nyuzi 40 na mchezaji akaanza kuweweseka, hiyo ni dharura ya dakika, si ya saa. Kanuni ya taaluma ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye: mwili wote ndani ya maji ya barafu, joto lishuke katika nusu saa ya mwanzo.

Miaka michache iliyopita, katika kombe moja la mtaa, beki alianguka saa tisa alasiri. Alikuwa akinitukana bila kunijua. Waandaaji walikuwa na spika kubwa na MC wawili, lakini barafu iliyokuwepo ilikuwa ya kupozea soda. Tukalivua turubai lililofunika spika, wanne tukashika pembe, tukamlaza kati, tukammwagia ndoo za maji na barafu ile ya soda huku mwenye soda akidai pesa zake. Kijana alirudi akilini. Ilikuwa bahati, na bahati haiandikwi kwenye mpango.

Kiongozi ni yule ambaye jana yake alishaagiza barafu kwa wauza samaki, anajua nani ana ufunguo wa geti la nyuma, na amekwisha kuamua mgonjwa atapelekwa hospitali ipi. Kama uwanja uko Likoni, ng'ambo ya kivuko, ameshauliza kama gari la wagonjwa litapita feri au litazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Kisha ameyaandika yote kwenye karatasi moja na kumpa refa, kocha na mwenye kipaza sauti. Ukiwa na swali la namna hiyo linalokukera, udaktari utakusaidia kulijibu. Ukiwa huna, utatumia miaka miwili au mitatu ukitafuta mada.

Na mada hiyo ukitaka kuifanyia kazi hapa nyumbani, kuna karatasi. Utahitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, hata kama chuo chako kiko ng'ambo. Wachezaji walio chini ya miaka 18 wanahitaji ridhaa ya wazazi na kukubali kwao wenyewe. Rekodi za majeraha zinaguswa na sheria ya ulinzi wa data ya 2019. Anza mapema. Vilevile wasiliana na CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, na KNQA, mamlaka ya sifa za kitaaluma, wakueleze kwa maandishi shahada ya nje, hasa ya mtandaoni, italinganishwa vipi. Usajili wako wa ufizio, unaosimamiwa chini ya sheria ya 2014, usiuache ulale ukingoja cheti kipya. Bila huo hutibu mtu.

Wanaotaka kusoma bila kuhama wanayo njia. Kwa mfano, A.T. Still University huko Arizona hufundisha DAT kwa mtandao. Tazama saa, ndugu yangu. Arizona iko saa kumi nyuma yetu. Kipindi chao cha saa kumi na mbili jioni ya Jumanne kwako ni saa kumi alfajiri ya Jumatano. Mwezi wa Ramadhani ni sawa, utakuwa umeamka kwa daku. Miezi mingine kumi na moja zungumza na mkeo kwanza.

Anayekwenda kukaa huko ajue visa ya mwanafunzi ina ada ya dola 350 ya SEVIS, mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, mbali na ada ya visa yenyewe, na mahojiano ni kwenye ubalozi wao Gigiri, Nairobi, kwa hivyo weka na nauli ya treni kutoka Miritini. Ada ya chuo usiipange kwa ahadi za harambee.

Mwisho kijana aliniomba barua ya mapendekezo. Nikamwambia alete daftari lake la majeraha, nione anavyoandika: tarehe, nafasi anayocheza, dakika, kiungo gani, alirudi lini. Alilileta kesho yake. Kurasa za mbele zilikuwa safi sana, hata hali ya uwanja ameiandika. Kuanzia katikati, misuli ya paja imechanganyika na michango ya chama, na ukurasa mmoja kipa na nahodha wamewekwa pamoja kwa sababu wote wawili wanadaiwa. Barua nitamwandikia, akishanakili majeraha peke yake kwenye daftari jingine.