Muvi za mapigano za bajeti ndogo: kagua kabla hujawekewa kwa flashi

Ukiingia duka la muvi pale Kondele, Kisumu, ukaomba za mapigano, utaonyeshwa majalada yenye moto na helikopta. Usiyaamini. Muvi iliyokwenda moja kwa moja kwenye diski bila kupitia sinema haina pesa za helikopta. Ikiwa nzuri, utamu wake ni mmoja: staringi anayejua kupiga teke analipiga mwenyewe, na kamera inamngoja amalize.

Mwombe muuzaji akuchezee kidogo. Ruka mwanzo, nenda dakika ya 40 hivi, tafuta pigano lolote, kisha hesabu mapigo kabla picha haijakatwa. Manne au matano mfululizo, chukua. Ukiona ngumi inarushwa, picha inakatwa, uso unageuka, inakatwa tena, basi anayepigana hapo ni mhariri.

Halafu tazama miguu. Katika teke la kuzunguka, mguu wa kusimamia hugeuka ukiwa chini, nyonga inafunguka, ndipo teke linafika. Kamera ikionyesha mwili mzima utayaona yote matatu. Ikibaki kifuani tu, kuna jambo linafichwa. Mwangalie na anayepigwa, maana kazi yake ni nusu ya pigano. Teke hupita karibu na uso bila kuugusa, na kamera huwekwa nyuma ya mmoja wao ili nafasi hiyo isionekane. Akichelewa kidogo tu kugeuza kichwa, au akiangukia upande usiofaa, hata mtoto atajua hakuguswa.

Jina la mwongozaji lina uzito kuliko jalada. Anza na Isaac Florentine. Mwaka 2006 aliongoza Undisputed II, iliyopigwa Bulgaria, ambamo Scott Adkins ni Boyka, adui wa staringi gerezani. Watu walimpenda huyo adui hadi muvi ya tatu, ya 2010, ikawa yake. Pigano lake la mwisho na Marko Zaror ndilo la kujifunzia kuhesabu. Ukipewa muvi ya ninja ya miaka ya 1980 yenye jina la Godfrey Ho, jua kwamba mara nyingi vipande vya ninja vimeunganishwa na filamu nyingine kabisa. Ndiyo maana hadithi haishikani.

Ile iliyosimuliwa na DJ Afro, msimulizi wa muvi wa Kenya, inafaa mkiwa wengi, kwa sababu usimulizi wenyewe ni burudani. Ukitaka kusoma mapigano chukua ya asili, kwa kuwa sauti ya msimulizi hufunika mapigo.

Nyumbani matatizo huwa ya faili. Flashi yenye mfumo wa faili wa FAT32 haipokei faili moja ya GB 4 au zaidi, hivyo omba toleo dogo. Picha isipotokea kwenye TV ya zamani, huenda video imebanwa kwa H.265, mtindo mpya ambao TV hiyo haiusomi, omba ule wa zamani, H.264. Picha ikiwepo bila sauti, mara nyingi sauti ni ya aina ya DTS, omba ya aina ya AAC. Kisha ingia kwenye mipangilio ya TV uzime ile ya kulainisha mwendo, kwani huyafanya mateke yateleze kama mchezo wa kompyuta. Picha ikiwa imekuzwa ijaze kioo, irudishe kwenye vipimo vyake, la sivyo kingo zitakatwa na mguu wa teke utaishia nje ya kioo.