Somo: Daftari la samaki linalosomeka ndani ya gemu ya uvuvi

Naulizwa kila mara namna ya kupanga daftari, yaani kurasa za gemu zinazomwonyesha mchezaji amevua nini, basi naliandika hapa lote. Someni kwanza, kisha ulizeni.

1. Orodhesha viumbe wako: tafi, changu, pono, tewa, kolekole, nguru, pweza.

2. Gawa kurasa kwa mahali: mikokoni, mwambani, bahari kuu. Mchezaji hukumbuka alikotupa mshipi.

3. Kila kiumbe kiwe na chumba chake, yaani kisanduku chake ukurasani, kisichohama. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwanzoni nilipanga aliyevuliwa karibuni akae juu. Nilimpa mpwa wangu simu barazani. Akavua changu, wote wakashuka nafasi moja. Alikuwa ameshajua tafi yuko wapi, ikabidi amtafute upya. Baada ya samaki kumi hivi hakulifungua tena daftari. Jicho hukariri mahali kabla ya jina. Basi chumba cha tafi kiwe cha tafi tangu siku ya kwanza, na kabla hajavuliwa kikae kivuli chake. Usiweke alama ya kuuliza: vyumba 30 vya alama hizo havimwambii mtu amebakiza nini. Wala usiipake picha weusi ukadhani umepata kivuli. Kwenye simu ndogo changu na tewa watafanana. Kichore upya, utie chumvi kwenye mkia: wa changu una panda, wa tewa ni mviringo.

4. Chumbani picha na jina tu. Chambo, saa na uzito vitokee akigusa.

5. Jaribu nje, saa saba mchana, jua la utosi. Maandishi ya kijivu hupotea.

MASWALI

Matondoni: Samaki nipange vipi?
— Hatua ya 3.

Matondoni: Nataka mpya aonekane juu.
— Tia nukta kwenye kona ya chumba chake. Chumba hakihami. Nimeeleza sababu.

Shela: Misimu ya pepo za kusi na kaskazi nionyesheje bila maneno mengi?
— Umeuliza la maana, ahsante. Chora visanduku 12 vya miezi chini ya picha, ujaze ile anayopatikana. Usitegemee rangi peke yake, wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Ukitaka bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, chora mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mvuvi yeyote ataelewa.

Malindi: Sulisuli hatoshi chumbani.
— Mpe viwili kwa upana. Ukimbana kimoja, ule mdomo wake mrefu unakuwa uzi.

Mkomani: Kasa nimweke ukurasa gani?
— Si wa mavuvi, kumvua ni marufuku Kenya. Fungua ukurasa wa walioonekana. Mchezaji akimwona akamwacha, aandikwe. Mpwa wangu anaupenda huo kuliko zote.

Shela: Na majina? Sisi tafi, wengine tasi.
— Hifadhi mavuvi kwa namba ya kiumbe, jina liwe maandishi ya juu tu. Mimi nilihifadhi kwa jina. Nilipolisahihisha "kolekole", kila aliyekuwa amemvua akakuta chumba kimerudi kivuli.