Mzio wa mayai: anza na kikaangio

Mimi huoka keki za oda, na mwanangu wa miaka 6 hali yai. Hivi ndivyo tunavyoishi.

1. Tenga vyombo. Kikaangio kimoja, mwiko mmoja na brashi moja visiguse yai kabisa. Vyangu nimevifunga kitambaa chekundu kwenye mpini, hata mgeni akiingia jikoni anajua. Kibandani agiza chipsi kavu, lakini chungulia kwanza: zikipashwa kwenye kikaangio cha chipsi mayai, tafuteni kwingine.

2. Uliza namna kilivyopikwa. Ukiuliza "kina mayai?" utajibiwa hapana upesi upesi. Uliza hivi: "Dada, skonzi umezipaka nini zikang'aa? Katlesi umezichovya kwenye nini? Sambusa zimekaangwa mafuta yale yale?" Niliwahi kujibiwa, "Hamna mayai, ni ute tu." Ute ndio wenye protini nyingi zinazoleta mzio! Mkate wa kumimina huo, mara nyingi una ute. Mayonezi vilevile.

3. Badilisha kwenye mapishi. Kwa keki ya yai moja au mawili, badala ya kila yai weka robo kikombe cha mtindi, au nusu ya ndizi mbivu iliyopondwa (ladha yake itasikika, usishangae). Katlesi zichovye kwenye rojo la unga wa ngano kama viazi karai. Keki ya mayai manne usihangaike nayo, tafuta mapishi mengine.

4. Usimjaribishe nyumbani. Wapo watoto wanaostahimili yai lililookwa sana ndani ya keki, kwa sababu joto hubadilisha baadhi ya protini. Jaribio hilo ni la daktari.

5. Akila kwa bahati mbaya: vipele vichache, mpe dawa ya mzio aliyoandikiwa, kisha usimwache peke yake. Akipumua kwa mlio au kwa shida, akitapika mfululizo au kulegea, hiyo ni ya hospitali sasa hivi. Anahitaji adrenalini, wala si kidonge. Kama mna sindano yake, choma pajani kwanza, ndipo mtafute gari.

6. Chanjo ya surua mpeni kama kawaida. Ya homa ya manjano hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, hivyo kabla ya safari mwambieni daktari mapema, msingoje foleni ya sindano.

Siku ya sherehe shuleni, keki yake huwa nimeifunga tangu usiku, kwenye kopo lenye kitambaa chekundu.