Mimba na boti ya Goma–Bukavu

Mama mwenye mimba, usikimbilie boti ya kasi eti kwa sababu inawahi kufika. Ziwa Kivu likichafuka, boti hiyo inapiga mawimbi na kiti kinakurusha. Mgongo utakusimulia ukifika Bukavu. Panda meli kubwa, kaa katikati, na kila saa inuka utembee kidogo. Ikibaki ya kasi tu, kaa nyuma kabisa. Moshi wa mota utakuchefua, lakini afadhali huo. Jile, yaani koti la kuokolea maisha majini, livae tangu bandarini, na lisipofunga tumboni, dai kubwa zaidi. Karatasi ya CPN (kliniki ya wajawazito) iweke mkobani, si kwenye mzigo. Meli nyingi za utalii baharini hazipokei mimba ya kuanzia wiki 24; kwetu hakuna anayeuliza, kwa hiyo mwulize muuguzi kabla ya kukata tikiti.